Yakhe, Mpemba, chogo: nani ana ruhusa ya kumwita nani?

Neno "yakhe" asili yake ni Kiarabu, ya akhi, ndugu yangu. Wazee wa Unguja na Pemba wameitana hivyo barazani tangu hatujazaliwa, kikombe cha kahawa mkononi, na halikumuuma mtu. Shuka botini Dar es Salaam sasa, ingia Kariakoo, uliza bei kwa lafudhi yako ya nyumbani. Kijana mmoja atapaza sauti, "Yakhe, njoo huku yakhe!" na wenzake watacheka. Hakukutukana. Kakuita ndugu yake, tena kwa neno lako mwenyewe. Na kabla hujafika kona ya pili unajua kwamba umebezwa.

Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, na mzozo huo unarudi kila mara: video ya mchekeshaji anayeiga Kipemba inapozunguka kwenye simu, mwanasiasa anapoteleza ulimi jukwaani, konda wa daladala anapomwambia abiria anayengojea chenji yake, "Mpemba wewe, shilingi mia hiyo itakutoa roho?" Upande mmoja huuliza, mbona wenyewe mnaitana hivyo? Upande wa pili hujibu, sisi tunaweza, nyinyi hamuwezi, na hausemi kwa nini. Mimi nimezaliwa Wete, Pemba, nikaletwa Unguja nina miaka kumi na mmoja, na neno Mpemba nimeshaitwa kwa kila sauti linayoweza kutamkiwa. Naamini sababu ipo na inaelezeka. Ila lazima tuanze mwanzo.

Tusi, na lile lisilo tusi

Zanzibar mtu akisema "kanitukana", msikilizaji huelewa jambo mahsusi: katajiwa viungo vya siri, au katajiwa mama yake. Tusi kwetu lina mipaka hiyo. Kwa hiyo anayemwita mwenzake "chogo" au "mshamba" anaweza kuapa kwamba hajatukana mtu, na kwa kipimo hicho asemalo ni kweli. Kipimo ndicho kifupi. Yako maneno yasiyotaja uchi wa mtu, na bado yanamvua nguo.

Tuyaite majina ya kubeza. Jina la kubeza hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza humchukua mtu mzima, mwenye wazazi, kazi, tabia na madeni yake, likamtia ndani ya kundi kama karafuu ndani ya gunia. Haonekani tena yeye, linaonekana gunia. Pili hulishusha bei gunia lenyewe. Kazi moja bila ya nyengine haitoshi. Nikisema "mke wangu Mpemba wa Konde", nimetaja asili yake tu, sikushusha kitu. Nikimwambia mtu "mjinga wewe", nimeshusha, lakini nimemshusha mmoja, na kesho akionyesha akili maneno yangu yamekufa. Jina la kubeza halifi kwa njia hiyo. Mpemba akiwa mkarimu ataambiwa "wewe si kama Wapemba wengine", na gunia linabaki na bei ile ile.

Methali zetu zinaonyesha jinsi neno moja linavyoweza kwenda njia mbili. "Mpemba hakimbii mvua ndogo": hii baba yangu alikuwa akiisema mwenyewe, kila msimu wa karafuu, manyunyu yakianza na sisi watoto tukitaka kuacha kuchuma. Ilikuwa ni sifa, ilitunyoosha migongo. Ya pili, "Mpemba akipata gogo hanyii chini", sikuwahi kuisikia nyumbani. Niliisikia Unguja, na kila mara aliyeisema alikuwa akimkusudia mtu aliyefanikiwa. Maana yake haihitaji kufafanuliwa. Kundi ni lile lile katika methali zote mbili. Moja inalipandisha, moja inalishusha.

Kiswahili, kwa kweli, kina karakana yake ya kubezea, nayo ni ngeli. Watu wana ngeli yao, m- na wa-: Mpemba, Wapemba; Mtumbatu, Watumbatu. Mtoe mtu humo umpeleke kwenye ngeli ya vitu, na umeshamwambia unavyomuona bila ya kuongeza neno. Mzee ni heshima, kizee ni kitu kidogo kilichosinyaa, jizee linatisha. Kipemba ni lahaja yetu, na BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, limeitungia kamusi yake. Lakini asemaye "vipemba hivi" akiwaonyesha watu kwa kidole, hasemi habari za lahaja. "Machogo" limezaliwa katika karakana hiyo hiyo. Chogo ni sehemu ya nyuma ya kichwa iliyotokeza. Kwa kuwaita hivyo watu kutoka Bara, kiungo kimoja cha mwili kimemmeza binaadamu mzima, wala husikii mtu akisema "wachogo".

Tazama pia tulivyozoea kuwaita wenzetu: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Yote yamo katika ngeli ya kiti na kikombe, ingawa vitenzi vimewarudishia nusu ya utu wao, kwa kuwa tunasema "kiziwi amekuja", si "kimekuja". Ndiyo maana siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona, mtu mwenye ualbino badala ya zeruzeru. Wapo wanaoona huko ni kupamba maneno tu. Mimi sioni hivyo: "mtu" limerudishwa mbele, pahala pake. Lakini nakubali jambo moja wanalolisema. Jina jipya ni kama kanzu mpya. Ukiivaa juu ya mwili usiooga itanuka vile vile baada ya siku chache. Dharau ikibaki, itahamia katika jina jipya, na wajukuu zetu watalazimika kutafuta jengine.

Majina yaliyokimbiwa

Husemwa kwamba watu wa zamani hawakuwa wepesi wa kuudhika, na kwamba haya ya kulalamikia majina ni mambo ya vijana wa leo. Historia ya visiwa hivi inasema kinyume.

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873. Hali ya utumwa yenyewe ikaondolewa katika sheria 1897, na masuria wakangoja hadi 1909. Hakuna aliyetoka huko akataka kubaki na majina ya huko: mtwana, mjakazi, mzalia. Wengi wakajiita Waswahili. Basi jina hilo nalo likaanza kunuka utumwa, kwa sababu tu ndilo lililokimbiliwa na waliotoka utumwani, na katika sensa ya 1931 waliojiandikisha kuwa ni Waswahili walikuwa wachache mno ukilinganisha na wale wa sensa ya 1924. Hawakufa wala hawakuhama. Walibadilisha jina, wakajiandika kwa majina ya wenyeji: Wahadimu, Watumbatu, Washirazi. Na Uhadimu wenyewe unanasibishwa na neno la Kiarabu khadim, mtumishi. Mtu alilikimbia jina moja la kutumikishwa akajificha ndani ya jengine, ila hili la pili lilikuwa limeshazeeka, harufu yake imekwisha.

Hata sifa tunazowapa watoto wetu zimetoka humo humo. Mstaarabu, kwa asili ya neno, ni mtu aliyefanana na Mwarabu; mshenzi alikuwa mtu wa kutoka bara ambaye bado hajaingia katika dini na desturi za pwani. Kabla ya ustaarabu kushika nafasi, neno la adabu lilikuwa uungwana, na hilo nalo lilimaanisha kutokuwa mtumwa. Sisemi tuyaache, lugha haiwezi kung'oa kila mzizi wenye uchungu ikabaki imesimama. Nasema tujue tunachokitia mdomoni.

Mtu mmoja anafundisha zaidi kuliko takwimu za sensa. Karibu na mwaka 1880, huko Fumba, alizaliwa mtoto wa kike katika familia iliyotoka utumwani, naye akapewa jina la Mtumwa. Alikuwa akitembeza vyungu kuuza. Sauti yake ikamleta mjini, na mjini wakampa jina jengine, Siti, yaani bibi mtukufu. Huyo ndiye Siti binti Saad, ambaye 1928 alikwenda Bombay kurikodi nyimbo za Kiswahili kwenye sahani za santuri. Alipokuwa akipanda, wapinzani wake walimtungia beti za kumkumbusha kaniki aliyokuja nayo mjini. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa. Kuitaja ilikuwa ni kumwambia "wewe mtumwa" bila ya kulisema neno. Akawajibu kwa wimbo: uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili.

Sikiliza alichokifanya na asichokifanya. Hakuikana Fumba, wala hakudai kuwa hakuvaa kaniki. Lakini pia hakusimama jukwaani akajiita Mtumwa. Alichukua uzito uleule aliotupiwa akaurudisha, mbele ya watu wale wale walioushuhudia ukitupwa. Aliweza kwa sababu alikuwa na sauti iliyofika kila baraza. Wanawake wengine walioivaa kaniki katika mitaa ya Ng'ambo, upande wa pili wa mji, hawakuwa na sauti hiyo, na walilolijibu, kama walijibu, hatulijui.

Na kuna wakati majina haya yalikwenda mbali zaidi ya nyimbo. Wazee huiita Zama za Siasa, miaka ya 1957 hadi 1963, vyama vilipokuwa vikigombea na magazeti ya pande zote yakigawa watu kwa asili zao. Mmanga ni mtu wa Manga, Uarabuni, basi. Neno hilo lipo jikoni kwetu mpaka leo kwa amani, pilipili manga na kungumanga. Lakini maduka mengi ya mashamba ya Unguja yalikuwa ya Wamanga, na jina likageuzwa kuwa shutuma. Katika machafuko ya uchaguzi wa Juni 1961 waliuawa watu 68, wengi mno wao wakiwa Waarabu, na Wamanga wa shamba ndio walioangukiwa zaidi. Jina peke yake haliui. Ila anayeua huanza kwa kuacha kuwataja watu kwa majina yao.

Hizbu nalo ni neno la Kiarabu lisilo na ubaya wowote, maana yake ni chama. Lilikuwa jina la chama kimoja kati ya vile vya wakati huo. Chama kimeondoka 1964, na jina limeendelea kutupiwa watu ambao baba zao walikuwa bado hawajazaliwa. Maridhiano ya CCM na CUF ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, iliyofungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yalituliza mengi. Maneno hayakupigiwa kura.

Ruhusa

Sasa lile swali. Mbona wenyewe mnaitana?

Mwenye nyumba haingii kwake kwa hodi. Anajua mlango unavyokwama, anajua nani amelala chumba gani, na paa likivuja linamvujia yeye. Mgeni hupiga hodi. Akiambiwa karibu ataingia, na ataweza hata kukaa jikoni. Akinyamaziwa mara tatu anarudi zake, na hawezi kudai kwamba kaonewa kwa vile watoto wa nyumba wanaingia na kutoka. Wapemba wawili wakiitana Mpemba kwa ubahili, paa linavuja juu ya wote wawili. Asemaye naye yumo guniani. Hawezi kulishusha bei bila ya kujishusha, kwa hiyo anayemsikia anajua kwamba hajakusudia kushusha.

Maelezo ya kawaida huishia hapo: wa ndani ruhusa, wa nje marufuku. Mimi nilikuwa nikiamini hivyo mpaka nilipokumbuka skuli.

Wiki yangu ya mwanzo Unguja, mwalimu alinisimamisha nisome. Kipemba chetu hugeuza ile m- ya mbele: mtu huwa ntu, mtoto huwa ntoto, mke huwa nke. Nikasoma kama nilivyozungumza siku zote na mama yangu. Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu akanyoosha fimbo yake kunielekea akasema, "Mpeni nafasi, huyu ntoto wa Kipemba." Jina likanikaa miaka minne. Niliacha kuzungumza kwa sauti mpaka nilipojua kuitamka ile m- kama watu wa mjini, na kwa muda mrefu nilimuonea haya mama yangu alipokuja skuli kuulizia maendeleo yangu.

Mwalimu yule alikuwa mzaliwa wa Chake Chake. Mpemba kama mimi. Kwa kanuni ya wa ndani na wa nje alikuwa na ruhusa kamili.

Kwa upande mwengine ninaye rafiki, mtu wa Donge, huku Unguja, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini hajaniita jina langu. Ni "Mpemba, umekula?" na "Mpemba, lini utalipa chai?" Nami namjibu kwa yote yanayosemwa kuhusu Donge, na hayo si machache. Hatujawahi kugombana. Yeye ni wa nje kabisa, na neno lake halijawahi kunichoma.

Basi tofauti si asili peke yake. Tofauti ni njia ya kurudi. Neno la rafiki yangu naweza kumrudishia papo hapo, kwa uzito ule ule, na atacheka. La mwalimu nisingeweza. Fimbo ilikuwa mkononi mwake na darasa lilikuwa lake. Yeye alikuwa ameshapanda ngazi ya mjini, lafudhi ya nyumbani ameiacha chini, na kwa kuniita vile alikuwa anaivuta ngazi nisiifikie. Wazee wetu walilijua jambo hili walipoweka utani. Babu na mjukuu wanataniana, binamu wanataniana, mtu na shemeji yake wanataniana, na sharti ni moja: kila mmoja ana haki ya kujibu, na mjukuu akimwambia babu yake "kizee changu" hapigwi. Utani usiojibika si utani.

Sharti la pili ni mbele ya nani. Siku moja rafiki yangu wa Donge alinitambulisha katika kikao cha watu tusiowajua: "Huyu Mpemba wangu." Maneno ni yale yale ya kila siku, lakini nilishuhudia nyuso za watu zikishuka kidogo, na mmoja akauliza kama nina duka. Kati yetu wawili neno lina miaka ishirini ya ushahidi. Mbele ya wageni halikuwa na hata siku moja. Alilitambua mwenyewe kabla sijasema kitu, akaniomba radhi tukiwa njiani kurudi.

Desturi zetu zinajua kuweka mipaka hii kwa uangalifu mkubwa. Makunduchi, katika Mwaka Kogwa, kila Julai, wanaume wa pande mbili hupigana kwa magomba ya migomba na kumaliza vinyongo vyao, kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto na watu wanakwenda kula. Kinachoruhusiwa uwanjani siku ile hakiruhusiwi sokoni wiki ya pili. Kanga nayo ina hekima ya namna hiyo. Mwanamke akitaka kumfikishia jirani ujumbe, huvaa kanga yenye jina linalosema, akapita. Aliyelengwa anaweza kujibu kwa kanga yake, au kujifanya hakusoma, na wote wawili wana mlango wa kutokea. Jina la kubeza linalotupwa usoni halimwachii mtu mlango.

Lakini sikukusudia

Hili ndilo jibu la haraka la kila anayeambiwa kwamba kaumiza, na mara nyingi anasema kweli. Konda wa daladala hakuamka asubuhi akipanga kuwadhalilisha watu wa Pemba. Nia inapunguza lawama. Haiondoi jeraha, kama vile aliyekukanyaga kwa bahati mbaya bado anapaswa kuondoa mguu.

Dini yetu haikuliacha jambo hili kwenye nia peke yake. Aya ya 11 ya Suratul Hujurat inakataza watu kudharauliana, na kisha, kwa kutaja hasa, inakataza kuitana kwa majina mabaya. Na katika hadithi mashuhuri, sahaba Abu Dharr, mtu mkubwa katika uchamungu, aligombana na mtu akamtia aibu kwa mama yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia kwamba yeye ni mtu ambaye bado ana ujahilia, tabia za kabla ya Uislamu, ndani yake. Abu Dharr alikuwa mwema. Neno lilikuwa baya. Yote mawili yaliwezekana kwa mtu mmoja, saa moja.

Wanavyuoni hawakuishia kwenye katazo tu. Kati ya wapokezi wakubwa wa hadithi wapo wanaojulikana kwa majina ya Al-A'raj, yaani kiguru, na Al-A'mash, mwenye macho dhaifu. Wakauliza, je, yanafaa kutajwa? Wakajibu kwamba yanafaa pale yanapokuwa ndiyo njia ya kumtambulisha mtu na si kwa kumshusha. Ni kipimo kile kile cha gunia na bei yake, na kimewekwa karne nyingi kabla ya mizozo yetu ya simu. Sheria ya nchi nayo imeingia, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtusi mtu mtandaoni kwa sababu ya rangi, asili, utaifa au dini yake. Ila sheria haiwezi kujua nani ni mtani wa nani. Hilo limebaki kwetu.

Na sisi, tunaolalamika

Sitakuwa mkweli nikiishia kwenye maumivu ya Wapemba. Vijana wale wale wanaorudi kutoka Kariakoo wakiwa wamechoka kuitwa yakhe, ndio wanaosema "machogo" wakifika Darajani. Tunawaita hivyo wajenzi, wauza mboga, wahudumu wa hoteli za Paje na Nungwi, na watoto wao waliozaliwa Mnazi Mmoja wakakulia Jang'ombe, wasiojua Bara ila kwa kusimuliwa. Ndani ya Pemba kwenyewe tunao Wakojani, watu wa kisiwa cha Kojani, wavuvi hodari wanaokwenda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi, mpaka pwani za mbali, na jina lao tumelifanya kuwa neno la mtu asiyejua adabu.

Soko la Mwanakwerekwe kuna muuza nyanya mmoja, mtu wa Bara, ambaye huita wateja kwa kusema, "Njooni kwa chogo wenu!" Watu wanacheka, wananunua. Nimesikia watu wakimtaja kuwa ni ushahidi kwamba neno halina ubaya. Mimi nimesimama pale mara nyingi, na ninachokiona ni mtu anayejitaja kabla hajatajwa. Analipokonya neno kutoka mdomoni mwa mteja asije akalitumia kwa ukali, kama mtu anayejimwagia maji ya baridi mwenyewe kwa kujua yatamwagwa tu. Anayo haki ya kulisema; ni lake, linamvujia yeye. Lakini jioni moja mteja alimjibu, "Haya chogo, punguza bei," naye akapunguza bila ya kutabasamu, akafunga mfuko. Ruhusa aliyojipa yeye haikuwa ruhusa aliyompa mteja.

Jina la Mpemba lenyewe lina sura nyengine kabisa ng'ambo ya mpaka. Katika pwani ya Kenya, Kwale na Kilifi, wapo Wapemba waliovua huko kwa vizazi, na wengi wao hawakuwa na vitambulisho vya nchi yoyote. 2023 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi kuwa ni moja ya jamii za nchi hiyo. Kwa mvuvi yule, kuandikwa Mpemba kumemfungulia milango iliyokuwa imefungwa kwake maisha yake yote. Neno ni lile lile nililoitwa darasani fimbo ikiwa imenyooshwa.

Kinachotupa taabu zaidi leo ni simu, kwa sababu simu imeondoa lile sharti la mbele ya nani. Mchekeshaji wa Pemba anaiga shangazi yake anavyogombana na muuza samaki, kila "ntu" na kila "miye" mahala pake, na anajua anamfanyia nani: watu wa Wete, wanaomjua shangazi wa aina hiyo na wanaompenda. Kufika usiku imeshatazamwa Dar es Salaam, Mombasa na Muscat. Mimi simlaumu. Anafanya kazi ya nyumbani, ndani ya nyumba, ila ukuta mmoja wa nyumba haupo tena.

Mwaka jana nilimwonyesha mama yangu video moja ya namna hiyo. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akanitaka niirudie, akacheka tena, akasema huyo ni marehemu khalati wa Kizimbani mtupu. Kisha akaona zile alama za vicheko zinavyopanda chini ya picha, maelfu kwa maelfu. Akauliza ni za nani. Nikamwambia ni za watu wa kila pahala wanaotazama. Akakaa kimya kidogo, simu bado mkononi mwake.

"Sie tunacheka kwa kuwa twamjua," akasema. "Na hawa wengine, baba, wanacheka nini?"